Huruma Isiyonunua

Kila tunapotaja kituo cha kuwatunza sokwe cha Lwiro, kule Kabare, tunaulizwa swali lile lile: watu wa Kivu wana njaa na wanakimbia vita, kwa nini wanyama wapewe ndizi? Swali hilo si la kupuuzwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 2418, inafundisha kwamba kuwatesa wanyama bila sababu hakulingani na hadhi ya mwanadamu. Papo hapo inaonya tusiwatumilie wanyama fedha zinazopaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Tuipime basi kazi ya mwaka mmoja ya Lwiro kwa mizani hiyo hiyo.

Kituo kilianzishwa mwaka 2002 na ICCN pamoja na kituo cha utafiti cha CRSN, karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Leo kinalea zaidi ya sokwe mtu 100, wale ambao wengi wetu huwaita sokomutu, pamoja na kima wa aina mbalimbali. Wengi wao ni yatima, na uyatima huo una historia. Mama sokwe hamwachi mtoto wake. Ili kumpata mdogo, mwindaji humwua mama, na mara nyingi pia wale wa kundi lake wanaomtetea. Nyama huuzwa upande mmoja, mtoto upande mwingine. Anayeokolewa hutengwa kwanza na kupimwa magonjwa, kwa maana kifua kikuu chetu humwua hata yeye, kisha huzoezwa polepole kuishi na wenzake. Anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Kumpokea mmoja ni kuahidi kumlisha hadi uzee wake, na kila mwaka wengine wanabisha hodi.

Chakula hicho hakishuki kutoka mbinguni. Hulimwa katika vijiji vya jirani, na wakulima hulipwa. Walezi nao ni wenyeji, na watoto wa shule hufika kujifunza. Hivyo sehemu ya fedha tunayodhani imeliwa na sokwe hulipa karo ya mtoto wa mkulima. Kwa maoni yetu, Katekisimu haivunjwi Lwiro.

Huvunjwa mahali pengine, na mara nyingi kwa nia njema. Mtu humwona sokwe mdogo amefungwa kamba, humhurumia, humnunua ili amwokoe. Muuzaji hupokea fedha, hurudi msituni, na mama mwingine hupigwa risasi. Huruma ya namna hiyo ni soko. Sheria ya uhifadhi wa mazingira asilia ya mwaka 2014 inakataza kumkamata, kumweka nyumbani na kumuuza. Anayemwona apeleke habari ofisi ya ICCN, asitoe hata franka moja, wala asipige picha naye kwa kujivuna.

Linabaki jambo gumu zaidi, ambalo tunayaachia makundi ya Xaveri, Kiro na Skauti kulijadili katika mikutano yao. Yule muuzaji mara nyingi ni kijana wa rika lenu, mbatizwa, mwenye ndugu wadogo nyumbani. Akiacha mtego wiki hii, parokia yetu itamwonyesha kazi gani wiki ijayo?