Karatasi ni bure Shanwe, lakini nani atayanunua maua yake?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA Kata ya Shanwe, Manispaa ya Mpanda, kama ilivyo katika kata nyingi za miji yetu, jioni ni wakati wa kuchoma taka. Maboksi ya sabuni na biskuti, madaftari yaliyokwisha, kalenda za mwaka uliopita, trei za mayai na mifuko ya saruji hukusanywa pembeni mwa ua, kiberiti kikawashwa, na asubuhi kinachobaki ni jivu.

Siku ya Jumamosi, watu haohao huvaa nguo zao nzuri na kwenda ukumbini kumpongeza bwana harusi na bibi harusi. Huko ukutani hukuta maua ya plastiki yaliyotengenezwa China, ambayo kamati ya harusi imeyakodi kwa fedha taslimu. Maua hayo yaliingia nchini yakiwa ndani ya maboksi. Maua tumeyatundika, maboksi tumeyachoma.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo wenye nia njema wengi hulikwepa wanapozungumzia mapambo ya karatasi. Tunaambiwa kwamba taka ni mali, kwamba malighafi ni ya bure, na kwamba akina mama na vijana wanachohitaji ni mafunzo tu. Ni kweli kwamba karatasi ni ya bure. Lakini mikono inayoikata si ya bure, muda unaotumika si wa bure, na mnunuzi hapatikani kwa kupewa cheti cha semina.

Tuanze na ufundi wenyewe, maana hauna siri kubwa. Kipande cha katikati cha karatasi ya chooni kikikatwa pete nyembamba na pete hizo zikabanwa, hutoa majani ya ua. Pete tano zikiunganishwa kwa gundi, ua limekamilika. Trei ya mayai ikilowekwa na kukatwa vikombe vyake, hutoa waridi. Kurasa za gazeti zikiviringishwa kuwa mirija mirefu husukwa kikapu, kwa mkono uleule unaosuka ukili. Gazeti lililolowekwa usiku kucha, likatwangwa kwenye kinu na kuchanganywa na uji mzito wa unga wa muhogo, hufinyangwa juu ya bakuli na kuanikwa juani hadi likauke. Ukurasa wa kalenda ukikatwa pembetatu ndefu na kuviringishwa kwenye kijiti cha kuchokolea meno, kisha ukapakwa vanishi, huwa ushanga.

Kwa hiyo mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kujifunza mengi ya hayo kwa wiki moja, na siku hizi wapo wanaojifunza kwa video za simu bila mwalimu yeyote. Jambo gumu linaanza pale ua linapokuwa mezani na anatafutwa mtu wa kulilipia.

Historia ya Mpanda inatusaidia kulielewa jambo hili. Tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi. Mji ukakua kwa mtindo wa kutoa malighafi na kupokea bidhaa zilizokamilika. Baadaye mazao ya mashambani yakafuata njia hiyohiyo. Leo Katavi ni mkoa unaojitegemea, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na wakazi wake wameongezeka kutoka 564,604 katika sensa ya mwaka huo hadi zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya 2022. Idadi hiyo imezidi maradufu kwa miaka kumi. Watu wakiongezeka, harusi zinaongezeka, mahafali yanaongezeka, na maboksi nayo yanaongezeka. Lakini mtindo wa biashara umebaki uleule, kwamba kilichokamilika lazima kitoke mbali.

Lipo pia tukio la karibu zaidi. Juni 1, 2019, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ile tuliyozoea kuiita ya rambo. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu mwaka 2006. Kwa muda mfupi kila mtu aliyejua kukunja karatasi alikuwa na kazi, kwa sababu mwenye duka alihitaji mfuko siku hiyohiyo. Somo lake ni wazi. Ufundi wa kukunja mfuko haukuzaliwa Juni 2019. Kilichozaliwa siku hiyo ni mahitaji. Mahitaji yalipokuwapo, ufundi ulijitokeza wenyewe.

Wenzetu wa Uganda wametuachia somo jingine. Katika eneo la Acholi Quarter, pembezoni mwa Kampala, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini walikuwa wakiponda mawe machimboni ili wapate chakula cha siku. Wengi wao walijifunza kutengeneza shanga za karatasi. Mwaka 2004 lilianzishwa shirika la BeadforLife, ambalo lilinunua shanga kutoka kwa wanawake wa Kampala na kuziuza Marekani, mara nyingi katika mikusanyiko ya majumbani. Shanga za magazeti ya zamani zikawa ada za shule na kodi za nyumba.

Hata hivyo, waanzilishi wa mpango huo hawakuwadanganya wanawake wale kwamba wataviringisha karatasi maisha yao yote. Kila kundi lilisaidiwa kuweka akiba na kufungua biashara nyingine, kisha likahitimu. Baadaye shirika lenyewe liligeukia mafunzo ya biashara ndogondogo. Kwa maneno mengine, hata waliokuwa na soko la Marekani mkononi waliiona karatasi kuwa ngazi ya kupandia, na ngazi hailaliwi.

Hapa nyumbani, mjini Iringa, upo mfano wa Neema Crafts chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha. Ulianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mikono, ikiwamo ile inayotokana na kinyesi cha tembo. Leo watu wengi wanaifahamu kwa mgahawa wake, ambamo wahudumu viziwi hupokea maagizo ya wateja, na kwa nyumba yake ya wageni. Mteja anayekuja kunywa kahawa huondoka na kadi au daftari. Karatasi ya Iringa haikukaa kwenye rafu ikisubiri mtu wa kuionea huruma. Ilijengewa mahali ambapo mteja angefika hata kama hakuifuata yenyewe.

Je, Shanwe inaweza kuiga Kampala au Iringa? Kwa maoni yetu, haiwezi kuiga moja kwa moja. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ni maarufu kwa viboko na makundi makubwa ya nyati, lakini haipati watalii wengi kama Serengeti au Ngorongoro, na wanaofika wengi wao hawana sababu ya kuingia mitaa ya Mpanda kutafuta shanga. Anayewafundisha akina mama wa Shanwe kutengeneza zawadi za watalii anawafundisha kumsubiri mgeni asiyekuja.

Soko la Shanwe lipo Shanwe. Lipo katika harusi, sherehe za kumuaga bibi harusi, ubarikio, maulidi, mahafali ya shule za awali na vikao vya kiserikali ambavyo havikosi kitambaa na ua la mezani. Fedha hizo tayari zinatoka mifukoni mwa wananchi. Hakuna haja ya kumshawishi mtu aanze kutumia. Kinachotakiwa ni kumshawishi abadilishe anakozipeleka.

Tuchukue mfano wa hesabu ndogo. Tuseme mama mmoja ametengeneza bakuli la karatasi, ametumia Sh1,500 kwa gundi, rangi na vanishi, na saa tano za kazi. Akiliuza kwa Sh5,000 anabaki na Sh3,500, yaani Sh700 kwa kila saa. Tena hilo ni kama mnunuzi amepatikana, maana aliyenunua bakuli leo hatanunua jingine wiki ijayo.

Sasa tuseme kikundi cha watu watano kimetengeneza maua makubwa ya ukutani na mapazia ya karatasi ya kutosha kupamba ukumbi mmoja, kisha kikayakodisha kwa Sh30,000 kwa shughuli. Shughuli kumi ni Sh300,000, na mapambo bado ni mali yao. Wapambaji wa miji mikubwa wameijua siri hii miaka mingi, kwamba ua la ukumbini haliuzwi, hukodishwa. Tofauti kati ya hesabu hizi mbili haitokani na wepesi wa vidole. Imetokana na uamuzi wa kibiashara, na uamuzi huo ndio ambao semina nyingi haziufundishi.

Zipo hoja za wanaopinga, na zina uzito. Ya kwanza ni kwamba karatasi haidumu. Mchwa wa ukanda huu hawachagui, na unyevunyevu wa masika hulegeza gundi ya muhogo kwa siku chache. Ndiyo maana vanishi haiwezi kukwepwa, na vifaa vinapaswa kuhifadhiwa juu ya chaga, mbali na ukuta na sakafu. Kwa bahati njema, kalenda ya hali ya hewa inasaidia. Miezi ya kiangazi, ambayo karatasi hukauka kwa siku mbili, ndiyo pia miezi ya baada ya mavuno, wakati ambao watu wana fedha na harusi ni nyingi.

Hoja ya pili ni ya hadhi. Nani atakubali binti yake aolewe katikati ya maboksi? Jibu ni kwamba mgeni haoni boksi, anaona ua. Ukumbi uliopambwa vizuri hauulizwi umetokana na nini. Lakini ni lazima upambwe vizuri, na hapo ndipo wakufunzi wanapotakiwa kuwa wakali. Kazi mbovu ikinunuliwa kwa huruma mara moja, huua soko la kazi nzuri kwa miaka.

Kwa nini jambo linaloonekana dogo kama maua ya maboksi listahili nafasi ya uchambuzi? Ni kwa sababu ya wale wanaoambiwa kuwa ni lao. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani Katavi walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurejea masomoni. Lakini mama wa miaka 18 mwenye mtoto mgongoni anahitaji pia kula leo. Kazi inayofanyika nyumbani, isiyohitaji mashine wala umeme, inamfaa zaidi kuliko nyingi. Kwa hiyo hiyohiyo, kumpotezea miezi mitatu kwa ufundi usio na mnunuzi ni kumdhulumu mara ya pili.

Sheria zetu tayari zina milango miwili. Wa kwanza ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa ajili ya marekebisho na kurejeshwa mwaka 2024. Mlango wa pili, ambao hauzungumzwi sana, ni sharti la ununuzi wa umma linalozitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu. Halmashauri inapopamba ukumbi kwa kikao au sherehe, inafanya manunuzi. Kikundi kilichosajiliwa kina haki ya kuyaomba.

Mkopo bila zabuni ni deni. Mkopo unaoambatana na zabuni ni mtaji. Kama milango hii miwili itafunguliwa kwa pamoja, kikundi cha Shanwe kitakopa kwa ajili ya vanishi na mashine ya kukatia karatasi kikijua shughuli ya kwanza ya kupamba ni ipi na tarehe yake ni lini. Kama itaendelea kufunguliwa kwa zamu, tutaendelea kupiga picha za wahitimu wameshika vyeti, kisha tutashangaa kwa nini marejesho hayaji.

Shule nazo zina nafasi, hasa sasa ambapo mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeipa elimu ya amali mkondo wake katika sekondari. Mwanafunzi akifundishwa kukata ua, afundishwe pia kuandika gharama zake kwenye daftari, kupanga bei na kwenda kuongea na mwenyekiti wa kamati ya harusi. Somo hilo la pili ndilo litakalomlisha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo unayafaa hata maboksi ya Shanwe. Jioni ya leo mengine yatachomwa, na Jumamosi ukumbi utapambwa kwa maua yaliyovuka bahari. Kabla ya kumwambia mama yeyote kwamba taka ni mali, tumwonyeshe kwanza jina la mnunuzi.