Askari na Ini Lake

Jioni ya siku ya mshahara, Kabalagala haina usingizi. Kando ya Barabara ya Ggaba, baa na maduka ya dawa yamepakana. Askari aliyetoka zamu akiwa na homa hununua vidonge vya kutuliza maumivu, kisha huingia mlango wa jirani kunywa waragi. Sisi twasema kuwa desturi hii ni ya hatari, na sababu zake ni hizi.

Parasetamoli huvunjwa na ini, na sehemu yake ndogo hugeuka sumu. Ini lina akiba ya glutathioni ya kuizima sumu hiyo. Akiba ikiisha, seli za ini hufa. Mtu mzima mwenye afya asipite gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Mlevi wa kila siku huipunguza akiba yake mwenyewe, na kwake hata kipimo hicho chaweza kudhuru.

Wataalamu wanaokuza seli za ini katika maabara hulazimika kuzipa homoni, kama vile insulini na haidrokotisoni, ili zidumu na kufanya kazi yake. Kisha huzitumia kupimia sumu ya dawa. Lakini ulinzi huo ni wa chombo cha maabara, ambamo kila tone hupimwa. Asidhani mtu kwamba homoni za mwilini zitamwokoa na vidonge 20 na chupa ya waragi.

Adui huyu ni mjanja. Siku ya kwanza mgonjwa aweza kujiona mzima, kumbe ini laharibika. Macho huja kuwa ya manjano baadaye. Dawa ya kuizuia sumu, asetilisisteini, hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Aliyezidisha vidonge aende hospitali mara moja, asingoje dalili. Naye anayetibiwa kifua kikuu kwa isoniazidi na rifampisini aache pombe, wala asiache dawa kwa shauri lake. Akiona macho ya manjano, amwone daktari siku hiyo hiyo.

Twawaomba makamanda na wakuu wa vituo walisimamie jambo hili. Askari mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe malaria, asiachwe ajitibu baa. Raia wanamtegemea awe mzima.