Mwenye Kuchora Hapotezi Wakati

Liko neno lisemwalo mara nyingi mashuleni, kwamba mtoto achoraye apoteza wakati. Neno hilo twalikataa. Tena wenye kulisema ndio haohao walalamikao kwamba picha za vitabu vya watoto hazifanani na watu wa kwetu. Nani atazichora, ikiwa kila mwenye mkono wa kuchora amenyang'anywa kalamu?

Mtazameni Bwana John Kilaka, aliyezaliwa mwaka 1966 upande wa Sumbawanga. Aliishika namna ya uchoraji iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga huko Dar es Salaam, akaitia katika hadithi za vijijini. Walakini kitabu chake, Frische Fische, kilitoka mwaka 2001 kwa Kijerumani, nchini Uswisi. Hatumlaumu, aliufuata mlango uliokuwa wazi. Twauliza tu, kwa nini mlango huo ulikuwa mbali hivyo?

Hapa Engutoto na mjini Arusha wachoraji hawakosekani. Maduka ya wageni yamejaa kazi zao: Mmasai mwenye shuka nyekundu na mkuki, na jua linakuchwa nyuma yake. Mtu hula kwa kazi yake, nasi hatumwonei vibaya. Lakini picha hiyohiyo ikiingia katika kitabu cha mtoto hugeuka uongo. Waarusha husema Kimaa, nao ni wakulima wa mahindi, maharage na migomba katika miteremko ya Meru. Mtoto wa Kiarusha akionyeshwa kwamba kila msemaji wa Kimaa husimama nyikani kwa mguu mmoja, amefundishwa kwamba babu yake mwenye jembe hastahili kuwamo kitabuni. Na mwenzake wa Kihindi, au wa Kiiraqw, au yule atembeaye kwa gongo, mara nyingi hamo kabisa.

Tena kazi yenyewe ni nyingine. Picha ya dukani husimama peke yake. Ya kitabu yataka msichana yuleyule ajulikane ukurasa wa kwanza hata wa ishirini, akilia, akilala, akionekana kwa mgongo. Ujuzi huo haupatikani kwa kunakili tembo mia. Wapatikana kwa kuketi sokoni na daftari, kutazama jinsi mama wa Kimeru anavyojitwika mkungu wa ndizi huku mtoto amemshika nguo.

Kamati ya shule iwezayo kununua rangi ya ukuta yaweza kununua penseli na karatasi. Walimu wakuu na watujibu katika gazeti hili: mtoto achoraye shuleni kwenu, mwaka huu mmempa nini?