Nipe Mji Kwanza

Mchezo wa kitendawili tuliourithi kwa bibi zetu una kanuni moja ambayo watoto wa leo wanaelekea kuisahau. Walioshindwa kutegua hawaambiwi jibu bure. Sharti wampe mtegaji mji. Huyu atampa Tanga, yule atampa Lamu, naye hukataa na kukataa mpaka apewe mji anaoutaka, aende huko kwa maneno, ale na kustarehe, ndipo arudi na jibu. Jibu lina bei, na bei hulipwa mbele ya watu.

Tumeikumbuka kanuni hiyo kwa sababu ya jambo linaloonekana kuwa mbali nayo, nalo ni michezo ya zamani ya kompyuta, ile ya kubofya, ambayo baadhi ya wazazi walioicheza ujanani sasa wanairejea wakiwa na watoto wao ubavuni. Asiyeijua michezo hii na aelewe kwamba haina mbio wala kupiga risasi. Mchezaji huonyeshwa chumba au bustani, akapeleka kipanya penye droo, akabofya, droo ikafunguka. Ndani mna ufunguo. Mlango wa ufunguo huo uko wapi? Hapo ndipo mchezo ulipo, na fumbo moja laweza kumkalisha mtu siku tatu.

Uliopata sifa kuliko yote ni Myst, uliotolewa Marekani mwaka 1993 na ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, kupitia kampuni yao ya Cyan. Uliuzwa zaidi ya nakala milioni 6, na kwa miaka mingi hakuna mchezo wa kompyuta uliouzwa zaidi yake, mpaka ulipopitwa na The Sims mwaka 2002. Ndani ya kasha lake mliwekwa daftari tupu. Watengenezaji walijua kwamba mchezaji atahitaji kuandika, kuchora ramani na kuhesabu.

Mchezaji hujikuta peke yake katika kisiwa kisicho na watu. Kuna maktaba ambayo vitabu vyake vingi vimeungua, na vichache vilivyosalimika ni shajara zinazoeleza ulimwengu mwingine unaoweza kufikiwa kutoka hapo. Ndani ya vitabu viwili, kimoja chekundu na kimoja cha buluu, wamefungwa ndugu wawili, Sirrus na Achenar. Kila mmoja humwomba mchezaji amletee kurasa zilizopotea ili apate kutoka, na kila mmoja humshitaki mwenzake. Nani mkweli? Hakuna hakimu. Mchezaji hulazimika kuingia katika vyumba walivyokuwa wakiishi, akitazama kila mmoja alificha nini, aliabudu mali au mabavu, kisha aamue. Sisi tunaona kwamba kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, jioni moja ya kubishana juu ya ushahidi wa vyumba vile ina faida kubwa. Hata hivyo, baadhi ya vyumba vina vyombo vya kutesea watu, na mzazi mwenye watoto wadogo atangulie kuvitazama.

Jambo la ajabu kuhusu Myst ni kwamba njia ya kuumaliza iko wazi tangu dakika ya kwanza. Mambo yote ya mwisho yamo kisiwani humo humo, na mwenye kuijua siri huumaliza kwa dakika chache bila kwenda popote. Kilichomzuia yule kijana wa mwaka 1993 hakikuwa kufuli, kilikuwa kutojua. Basi mzazi anayerejea leo, akiwa anakumbuka, amebakiwa na nini? Kwa ajili yake mwenyewe, amebakiwa na kidogo: sauti ya mawimbi, na kumbukumbu. Kazi yake sasa imekuwa nyingine. Amekuwa mtegaji, na mtegaji hufunga mdomo.

Ugumu wa kufunga mdomo si wa kudharauliwa. Katika ulimwengu mmojawapo wa Myst kuna chombo kipitacho chini ya ardhi, katika njia zinazopindapinda, na kila penye njia panda hutoa mlio. Maana ya milio hiyo hupatikana mahali pengine kabisa, kwa anayesikiliza. Mtoto atakwenda kushoto, kulia, atarudi, atakasirika, atasema mchezo umeharibika. Baba aliye kando anaweza kumwokoa kwa neno moja, na neno hilo litampokonya mtoto saa ambayo angeyaunganisha mambo mawili kwa akili yake mwenyewe. Intaneti nayo iko tayari kulisema kabla ya baba, bila kudai mji wowote.

Hatusemi kwamba kila fumbo la zamani linastahili subira. Mengine yalikuwa dhuluma. Katika Monkey Island 2 ya mwaka 1991, mchezaji anahitaji spana, na dawa yake ni kumkamata tumbili na kumtumia kama spana, kwa kuwa Wamarekani wana aina ya spana waliyoipa jina la mnyama huyo. Mswahili angelijuaje? Hata Waingereza, ambao hawaiiti hivyo, walikwama. Hapo kuuliza si aibu. Mchezo huo vilevile una mzaha mwingi wa uchawi na ulevi, na kila nyumba itaamua yenyewe.

Myst una wepesi mmoja kwa nyumba zetu: maneno yake ni machache. Mtoto asiyekijua Kiingereza vizuri atatembea kisiwani bila taabu, ila shajara za maktabani atahitaji mtu mzima wa kumfasiria. Hiyo ni kazi nzuri kwa mzazi aliyeazimia kunyamaza, kwani anafasiri yaliyoandikwa bila kuongeza lake.

Toleo jipya, lililotoka mwaka 2020 na 2021, limempa mchezaji hiari ya kubadilisha majibu ya mafumbo, hata yaliyozagaa katika intaneti yasifae kitu. Tunashauri hiari hiyo itumike. Daftari sasa haliji na mchezo. Linunuliwe dukani pamoja na penseli, na kipanya ashike aliye mdogo kuliko wote. Watakaoendelea na Riven, mchezo uliofuatia mwaka 1997 na kutengenezwa upya mwaka 2024, wajue kwamba humo baadhi ya mafumbo yenyewe yamebadilishwa. Mzazi aliyeingia kwa kujiamini atabofya palepale alipobofya zamani, mlango utakataa, na mtoto atakuwa anamtazama.