Si kila theluji ni dhoruba

Ndugu mwandishi, unasema watabiri wa Marekani wanatia watu hofu bure, na mfano wako ni jiji la New York, Januari 2015: treni za chini ya ardhi zikasimamishwa, kisha Central Park ikapata kama sentimita 25 tu za theluji. Hapo sikupingi. Ila ungetazama na Buffalo, katika jimbo hilohilo la New York.

Kule upepo baridi hupita juu ya Ziwa Erie, hubeba unyevu, kisha huumwaga kama theluji kwenye ukanda mwembamba. Novemba 2014 vitongoji vya kusini vilifukiwa kwa zaidi ya mita moja na nusu, ilhali kaskazini, mwendo mfupi tu kwa gari, walipata kidogo sana. Wa kaskazini akisema ametishwa bure, amuulize jirani yake.

Desemba 2022, dhoruba nyingine ilipoipiga Buffalo, tahadhari zilitoka siku kadhaa kabla. Marufuku ya kuendesha magari ilitangazwa dhoruba ikiwa imeshaingia. Walikufa zaidi ya watu 40, wengine ndani ya magari, wengine majumbani. Na hao ni watu waliozoea theluji!

Tatizo ni televisheni kupigia kila theluji kelele zilezile. Jamaa zetu Wakongo na Warundi mlioko Buffalo, msiishie kwenye sentimita. Onyo likitaja upepo wa kilomita 56 kwa saa na kutoona mbele zaidi ya mita 400, kwa saa tatu au zaidi, kaeni ndani.