Anayefunga Asipike

Kila mwaka, kati ya katikati ya Septemba na katikati ya Oktoba, Wayahudi wa mtaa ninaofanyia kazi hapa Montreal, Kanada, hufunga kwa muda wa saa 25 mfululizo. Hawali, hawanywi hata funda la maji, hawaogi, hawavai viatu vya ngozi. Ndiyo Yom Kippur, siku ya toba, tarehe 10 ya mwezi wao wa Tishri. Sisi tuliolelewa Mombasa kwa saumu ya Ramadhani, tukitajiwa saa 25, swali la kwanza ni moja tu: wanafuturu nini? Nami niliuliza. Vyakula nitavitaja, maana ni vitamu hata kwa kutajwa, lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba siku hiyo hakuna aliyevipika.

Nawatunza wazee majumbani huko Côte-Saint-Luc, mji mdogo ndani ya kisiwa cha Montreal ambao wakazi wake wengi ni Wayahudi. Bibi mmoja, ambaye jina lake silitaji, alizaliwa Meknès, Morocco, akaja na wimbi la Wayahudi wa Morocco waliohamia huku kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, watu waliokwisha kukizoea Kifaransa tangu shule. Binti yake akaolewa na mtu ambaye wazazi wake walitoka Poland. Kwa hiyo meza ya kufungulia katika nyumba ile inabeba nchi mbili, na nusu ya raha yake ni mabishano.

Upande wa mkwe ni chakula cha asubuhi kinacholiwa usiku. Kuna bageli, ule mkate wa mviringo wenye tundu katikati, ambao Montreal huuchemsha kwanza katika maji yaliyotiwa asali, kisha huuoka katika tanuri la kuni. Kuna jibini laini la kupaka, salmoni wa kufukizwa aliyekatwa vipande vyembamba, na samaki wa heringi waliolazwa kwenye siki na vitunguu. Wenyewe husema chumvi ya samaki humrudishia mtu kiu ya kunywa maji aliyopoteza. Kuna pia tambi zilizookwa na mayai, jibini, sukari na mdalasini. Mtu wa Pwani atazitambua kwa mbali kama ndugu wa tambi zetu za sukari. Kahawa na juisi ya machungwa, basi.

Upande wa bibi ni harira, supu nzito ya dengu, adesi, nyanya na dania, ileile ambayo Waislamu wa Morocco hufuturia Ramadhani. Hapo ndipo penye mgogoro. Sheria yao ya chakula hairuhusu nyama na maziwa katika mlo mmoja. Harira ya Meknès aliyoizoea bibi ina nyama na mifupa. Jibini la mkwe likiwa mezani, mifupa hiyo haina nafasi. Bibi alikubali kuipika bila nyama, na kila mwaka, kijiko cha kwanza kikishapita kooni, hutangaza kwamba supu hii ni ya wagonjwa. Mkwe hutabasamu na kupaka jibini lake. Kisha huja fijuelas, utepe mrefu wa unga unaozungushiwa uma ukiwa ndani ya mafuta ya moto, ukaiva umejikunja, ukachovywa kwenye shira. Hapo ugomvi huisha, kwa kuwa midomo ina kazi.

Wayahudi wengine wana yao. Wa Iran hukuna matofaa wakayatia maji ya waridi na barafu. Wa Iraki wana vibiskuti vya lozi na hiliki. Wale wenye asili ya Ugiriki na Uturuki hukusanya mbegu za tikiti, wakazikausha, wakazikaanga bila mafuta, wakazisaga, kisha huziloweka na kuzikamua katika kitambaa kama tunavyokamua tui, wapate kinywaji cheupe wanachokiita pepitada.

Ukivitazama vyote hivi utaona jambo moja. Ni vya baridi, au vya kuoka jana, au vya kupashwa moto tu. Siku ya Yom Kippur hufuata makatazo ya Sabato: hakuna kuwasha moto wala kupika. Mwaka mmoja, alasiri, nilimwona bibi amejilaza, midomo imemkauka. Nikamwambia, “Mama, mimi si Myahudi. Niwashe jiko, supu uikute moto?” Akasema, “Hapana, binti yangu. Siwezi kukuomba, na ukifanya kwa ajili yangu hainifai kitu.” Baadaye mkwe akanifafanulia. Myahudi haruhusiwi kumtuma asiye Myahudi afanye kazi iliyokatazwa. Na hata kama ningejitolea bila kuombwa, bibi angelazimika kungoja, baada ya nyota kuonekana, muda ule ambao kazi yenyewe ingechukua. Faida ya haraka yangu ingekuwa sifuri. (Kwa mgonjwa aliye hatarini mambo hugeuka: hulishwa, na kumlisha ni wajibu.)

Sheria hiyo niliistaajabia. Imeziba kila mwanya ambao jiko lingeweza kupenyea, na inaonekana waliotangulia walijua kwa nini. Talmud ya Babeli, mkusanyo wao wa kale wa mafundisho ya marabi, ina kisa kifupi ninachokipenda. Wanazuoni walikuwa wameruhusu, kwa kumhurumia mwenye njaa, kuambua mboga mchana ukielekea kwisha, bila kupika. Nyumbani kwa Rav Yehuda wakawa wanaambua kabeji, kwa Rabba wakawa wanakwangua mamung'unye. Rabba alipoona watu wake wanaanza mapema kupita kiasi, aliwaambia kuna barua imekuja kutoka Magharibi, yaani nchi ya Israeli, kwa jina la Rabi Yohanan, kwamba jambo hilo ni haramu. Barua hiyo ilisomwa na nani, kisa hakisemi. Ninavyokielewa mimi, ukiliruhusu jiko saa moja litachukua alasiri nzima.

Sasa turudi Mombasa. Adhuhuri ya Ramadhani haijapoa, vitunguu vinakatwa. Sambusa zilikwisha kufungwa tangu Shaabani zikawekwa kwenye friza, lakini friza haikaangi. Alasiri mwanamke aliyefunga anasimama mbele ya karai: sambusa, viazi karai, bhajia, kaimati. Anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema. Adhana inamkuta na unga mikononi, anameza tende amesimama, huku waliokaa mkekani wanauliza ukwaju uko wapi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifungua kwa tende, na zikikosekana, kwa maji. Karai tumeliongeza wenyewe.

Najua nitakavyojibiwa. Yom Kippur ni siku moja, Ramadhani ni siku 29 au 30. Hakuna anayeweza kupika leo chakula cha mwezi mzima. Kweli. Tena mapumziko yale yana gharama, na nimeyaona yakilipiwa. Siku ya kuamkia mfungo nyumba ya bibi huwa haikaliki, kwa sababu kuna milo miwili ya kuandaa, ule wa kuliwa kabla jua halijatua na ule wa kesho usiku. Anayehangaika ni binti yake. Mkwe hutumwa bageli na kurudi akilalamikia foleni. Hata hivyo binti huyo anahangaika akiwa amekula na amekunywa maji. Kesho yake, saa ambazo mwili umechoka kuliko zote, ameketi sinagogi kama mumewe. Pembe ikishapulizwa kumaliza sala ya mwisho, wanarudi nyumbani, wanasoma dua juu ya divai na mshumaa, wanafungua jokofu, na wote wanakaa kwa pamoja.

Ninachoomba ni kidogo. Tuchague siku moja kila wiki ya Ramadhani, Ijumaa kwa mfano, karai lisipande jikoni baada ya adhuhuri. Tende zipo, maziwa mtindi yapo, papai na tikiti vipo, mkate wa sinia unaweza kuokwa usiku uliotangulia baada ya tarawehe, na mbaazi zikipikwa usiku huohuo hazihitaji zaidi ya kupashwa moto, kazi ambayo hata mtoto wa miaka 12 anaiweza.

Nilimweleza kaka yangu kwa simu. Akacheka, akasema sambusa iliyolala haina tofauti na kandambili. Nikamwambia karai analijua lilipo, mafuta yako chini ya sinki, na dukani kwake alasiri ya Ramadhani hakuna mteja. Akaniuliza hali ya hewa ya Montreal ikoje.