Mgongo Unaouma Hauna Pepo



Wapendwa katika Kristo, yoga si neno geni tena katika mkoa wetu wa Mara. Vijana wa Serengeti wanaohudumu katika kambi za watalii huwaona wageni wakitandika mikeka alfajiri, na simu za mkononi zimeyaleta mazoezi hayo hayo hadi Mugumu, Tarime na Sirari. Pamoja nayo zimekuja sauti mbili. Ya kwanza yasema kwamba anayejinyoosha kwa yoga amewafungulia mashetani mlango. Ya pili yasema kwamba yoga ni dawa ya kila ugonjwa na amani ya kila roho. Sisi twazikataa zote mbili.

Tuanze na ukweli. Yoga imetoka India, na katika mapokeo yake ya kale ni njia ya kuituliza akili ili mtu apate ukombozi. Anayesema ni mchezo mtupu hajui asili yake. Lakini anayesema kila mkao wake ni ibada hajui yanayofanyika leo, maana yoga si moja.

Ile iitwayo hatha, kama inavyofundishwa katika madarasa mengi, huenda polepole, nayo yamfaa anayeanza. Ile ya B.K.S. Iyengar, aliyefariki mwaka 2014, husisitiza kuupanga mwili sawasawa na kuutegemeza kwa viti, mikanda na blanketi. Yamfaa mwenye viungo vilivyokakamaa, ilimradi mwalimu awe anaijua kazi yake. Ashtanga, aliyoieneza Pattabhi Jois kutoka Mysore, ni ya jasho jingi na mfuatano usiobadilika. Hiyo ni ya kijana mwenye nguvu. Inayokaribiana nayo ni vinyasa ya nguvu, ambayo vijana wa Nairobi walianza kufundishwa na Africa Yoga Project mwaka 2007. Ile ya Bikram ina mikao 26 katika chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi: mjamzito na mgonjwa wa moyo wasiikaribie. Ipo ya kupumzisha, ambayo mtu hulala juu ya mito bila kujikaza. Ndiyo ya aliyechoka. Wazee wanayo ya kwenye kiti. Na mwenye presha ya macho asisimame kwa kichwa katika aina yoyote ile.

Kundalini ni jambo jingine. Hiyo huunganisha mikao na pumzi na maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, ili kuamsha nguvu inayosemwa kuwa imelala chini ya uti wa mgongo. Hapo Mkatoliki na asimame. Hatuwadharau wanaoamini hivyo, kwani Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha kutokukataa lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Lakini sala yetu ina jina, nalo ni Yesu. Hatuna haja ya kuazima nyingine.

Kanisa halikukaa kimya. Tarehe 15 Oktoba 1989 Vatikano ilitoa barua kwa maaskofu kuhusu tafakari ya Kikristo, iliyotiwa sahihi na Kardinali Joseph Ratzinger, baadaye Papa Benedikto wa 16. Barua hiyo yakiri kwamba mikao na upumuaji vyaweza kumwandaa mtu kusali. Yaonya pia kwamba utulivu unaoletwa na mazoezi usidhaniwe kuwa ni faraja ya Roho Mtakatifu. Basi mwili uliolegea ni jambo jema, ila si neema ya utakaso. Wala sisi si watu wa kuuogopa mwili: Mtakatifu Dominiko alisali kwa kuinama, kusimama na kunyoosha mikono, na Ijumaa Kuu padre hulala kifudifudi mbele ya altare.

Sasa tuwageukie wanaopiga kelele za mashetani. Mtazameni mama wa Tarime. Ameamka gizani, amebeba ndoo kichwani na mtoto mgongoni, amelima hadi jua limekuwa kali, amerudi na mzigo wa kuni. Jioni kiuno kinamuuma, anajinyoosha sakafuni kama alivyoona kwenye simu, nanyi mnamwambia ana pepo! Hamkuuliza nani alimtwika mzigo huo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwaka 2017 madaktari wa American College of Physicians waliitaja yoga miongoni mwa njia zisizo za dawa za kutibu maumivu sugu ya kiuno. Mama huyo anahitaji mumewe ashike ndoo, si mtu wa kumkemea.

Tena tuseme wazi. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Katika wilaya zetu wapo wanaoyakumbuka maneno hayo wanapouona mkeka wa yoga, na kuyasahau unapofika msimu wa ukeketaji. Tangu mwaka 1998 sheria ya nchi inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mungu ilikataza kabla yake. Ni hekalu gani mnalolilinda, ninyi mnaoukataza mgongo usinyooshwe na kuuacha wembe upite?

Nanyi mnaouza yoga kama wokovu, sikilizeni. Mchimbaji wa Nyamongo ambaye mgongo wake umeumia na miguu inakufa ganzi apelekwe hospitali, si kwenye mkeka. Na mwenye dhambi moyoni hapati maondoleo kwa kuvuta pumzi, anakwenda kitubioni.

Basi, wapendwa, kila mmoja ajiulize mambo mawili: zoezi hili lataka nini kwa mwili wangu, na lataka nini kwa roho yangu? La kwanza muulize mganga wa zahanati. La pili muulize padre wako. Na kabla ya kuhukumu mgongo wa jirani, mtue mzigo.

Mungu awabariki nyote.